Luninga Mgongoni

Kiuno changu huuma kila baridi ya Juni inapoingia, na daktari akiniuliza kama niliwahi kubeba mizigo mizito ujanani, namjibu kwamba niliwahi kubeba luninga. Yeye hudhani nasema nilihamisha luninga kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Simsahihishi. Ukianza kumweleza mtu mwenye koti jeupe kwamba ulitembea Makambako nzima na luninga inayowaka mgongoni, imefungwa kwa mbeleko, atakuandikia dawa za aina nyingine.

Siku hizi nawaona vijana wa matangazo wamevaa vizibao vyenye kioo cha video kifuani. Vyepesi, vinang'aa, na watu wanawapita bila hata kugeuza shingo. Nawaonea huruma na nawaonea wivu, vyote kwa pamoja. Mimi sikuwa na kizibao, lakini nilikuwa nikisimama, soko linasimama.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo blanketi lilikuwa kitu cha kupangia foleni kwenye duka la ushirika. Ukilikuta unachukua la rangi iliyopo na kushukuru. Mara yakaingia mablanketi ya picha ya chui, ya tausi, ya maua makubwa kama sinia, na maduka yakaota pande zote za barabara ya Songea. Tajiri yangu alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu wa swala tano, aliyepita Makambako akiwa na lori akapapenda kwa sababu ambayo wengine wote walipachukia, yaani baridi. Siku aliyoniajiri aliniambia, "Mwanangu, kwetu Tanga ukimuuzia mtu blanketi umemchokoza. Hapa unamuuzia dawa."

Kazi yangu ilikuwa kufungua marobota, kufagia na kupanga. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa wakulima wa Kitandililo, na nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nilikuwa nimeposa.

Binti mwenyewe alikuwa wa Njombe, mtaa wa Ramadhani, wa familia ya Kilutheri ambayo kwa ibada haikosi na kwa shamba haichelewi. Yeye alishakubali tangu zamani. Baba yake naye hakuwa na neno, ila alisema mwenye kauli ya mwisho ni mama. Na mama alikuwa na swali moja: huyo kijana anafanya kazi gani? Mshenga wetu, baba yangu mdogo, mtu ambaye akikuambia mvua imenyesha inabidi utoke nje ukaguse ardhi, alijibu bila kupepesa macho, "Anashughulika na mitambo." Mama akasema atafikiri, na jibu atalitoa baada ya sikukuu ya mavuno kanisani kwao. Nilipomuuliza baba mdogo ni mitambo gani, akaniambia ufagio nao ni mtambo, ukiutazama kwa imani.

Sasa, ni lazima nieleze adabu ya ukwe kama nilivyolelewa nayo, maana bila hiyo hamtanielewa na mtaniona zuzu tu. Kwa wazee wetu mama mkwe hatazamwi usoni. Tangu siku mshenga anapokanyaga kwao, ukikutana na mama yule njiani unapisha pembeni, unampa mgongo, unainamisha kichwa, na hapo hapo unakaa mpaka apite. Akikusalimu, unajibu ukiyatazama majani. Kumtumbulia macho ni kusema hujalelewa, na posa nyingi zimekufa kwa jicho moja tu. Mama yangu alinifundisha hayo nikiwa mdogo, kwa mdomo kwanza na kwa fimbo baadaye, kwa hiyo yalikuwa mwilini na si kichwani.

Basi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, naye muuza mablanketi, akaweka luninga dirishani. Ilionyesha chenga tupu, maana mawimbi yalikuwa hayajatufikia, lakini watu walisimama wakazitazama zile chenga kwa heshima kubwa, na wakichoka kusimama wanaingia ndani kununua. Tajiri alikaa wiki nzima hana raha. Kisha akapanda basi kwenda Dar es Salaam, na aliporudi alikuwa amekumbatia kiboksi.

Ndani yake mlikuwa na luninga ndogo, deki ya mikanda ikiwa humo humo tumboni mwake, ya kutumia betri ya gari. Tajiri akaizunguka mara tatu. "Yule kaiweka dirishani," akasema. "Mteja ndiye anayemfuata. Sisi tutamfuata mteja."

Nikamwambia, "Mzee, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Na wewe ndiye utakayetembea," akajibu. "Chema kitabaki dukani."

Mara ya kwanza tuliifunga kifuani. Haikufaa hata nusu siku. Sikuwa naiona miguu yangu, na watu wakitaka kutazama walinisogelea mpaka tukawa tunapumuliana puani. Lililoniudhi zaidi ni kwamba nilishindwa kuinama kuwasalimia wazee. Mzee mmoja aliniuliza kama nimekula chuma. Ndipo mke wa tajiri, mama mwenye akili kuliko sisi wawili, akasema kitu kizito hubebwa mgongoni, na kila mwanamke anajua. Akaleta kitenge chake, akaipachika luninga mgongoni kwangu, akafunga fundo kifuani, akaipiga piga kidogo kwa mazoea. Betri ikakaa mbele, kwenye mfuko wa turubai juu ya tumbo, ili nisianguke kinyumenyume.

Nilitoka dukani nikiwa mjamzito mbele na mwenye mtoto mgongoni. Wanawake wa sokoni hawakuniacha salama. Mmoja aliniuliza baba wa hawa watoto yuko wapi. Mwingine akanishauri nipumzike walau miaka miwili.

Mkanda wenyewe ulipigwa na mpiga video wa harusi aliyekuja kutoka Iringa. Tajiri alisimama mbele ya duka katika kanzu mpya akasema, "Asalaam alaykum na bwana asifiwe, karibuni wateja," kisha akawa anakunjua blanketi moja moja kwa dakika kumi, akilipapasa kila moja na kufumba macho. Lakini mpiga video yule alikuwa mbahili. Hakutumia mkanda mpya, alitumia mkanda wa harusi ya watu ambayo sijui kwa nini hawakuja kuuchukua. Kwa hiyo blanketi la mwisho lilipokunjwa, picha iliruka kidogo, na hapo hapo ukajikuta katikati ya harusi ya watu usiowajua, keki inakatwa. Mkanda ukiisha ulijirudisha wenyewe mwanzo na kuanza upya. Swichi ilikuwa nyuma, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

Watu waliipenda harusi kuliko mablanketi. Walivumilia dakika kumi za tajiri ili waone keki. Walijadili gauni, walimjua bwana harusi kwa tabia, walimchukia shangazi mmoja mnene aliyekuwa akipita mbele ya kamera kila mara. Mzee mmoja wa Kitandililo, rafiki wa baba yangu, kila asubuhi aliijibu salamu ya tajiri kwenye kioo, kisha akangoja kwa ustaarabu aulizwe habari za nyumbani. Alipoona haulizwi alininong'oneza kwamba tajiri yangu amekuwa na maringo tangu aingie humo. Na kwa kuwa watazamaji walikuwa nyuma yangu daima, mimi sikuona chochote. Kwa miezi miwili nilikuwa mtu maarufu kuliko wote Makambako, na hakuna aliyeijua sura yangu.

Hilo la sura ndilo lililonipa moyo. Niliogopa sana watu wa Njombe wanione. Mitambo nilikuwa nayo sasa, baba mdogo hakuwa mwongo tena, lakini nilijua mama yule hakuwa akimwazia mkwe aliyefungwa mbeleko. Siku ambazo watu wengi wa Njombe hushuka kununua vitu nilijifanya naumwa tumbo, tajiri akaniacha stoo. Ila tumbo nalo lina mwisho wake. Wiki chache kabla ya sikukuu ya mavuno, alinishika mkono akasema, "Tumbo lako linaijua kalenda. Vaa."

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, upepo wa Makambako unavuma ule wa kukata masikio. Nilikuwa karibu na stesheni ya reli, natembea polepole, tajiri mgongoni anapapasa blanketi la tausi. Mbele yangu wakatokea akina mama watatu wenye vitambaa vyeupe vichwani, wanatafuta kitenge cha sare ya kanisa. Wa katikati nilikuwa nimewahi kumwona mara moja kwa mbali, kanisani, kabla ya posa. Anatembea kama mtu aliyechelewa kikao ambacho yeye ndiye mwenyekiti wake. Alikuwa mama mkwe.

Sikufikiri. Mwili ulifanya ulichofundishwa: nikapisha pembeni, nikampa mgongo, nikainamisha kichwa, nikangoja apite.

Hakupita.

Mpaka leo sijui mtu mwingine aliyewahi kukosea kwa adabu namna ile. Nilikuwa nimegeuka kwa heshima zote, na heshima zote zile zilikuwa zikionyesha video. Nikasikia viatu vinasogea, vinasimama nyuma yangu kabisa.

"Tazameni," sauti moja ikasema. "Kuna mtu mdogo humu anauza mablanketi."

"Si mtu mdogo, ni picha."

"Najua ni picha. Nasema mtu wa kwenye picha."

Kisha ikaja sauti ya tatu, nzito, ya mtu aliyezoea kuanzisha nyimbo. "Tusimame kidogo tuone."

Ningekuwa na akili ningekimbia. Lakini ukimkimbia mama mkwe umemtukana, na ukigeuka umemtukana zaidi, na kwa betri ile tumboni hata kukimbia kwenyewe kungekuwa kuanguka. Nikasimama. Tajiri akamaliza mablanketi yake, picha ikaruka, harusi ikaingia. Akina mama wakasogea. Nilihisi pumzi zao kwenye shingo.

"Bibi harusi mzuri, ila amenuna."

"Amebanwa na kiatu."

"Na yule bwana harusi," ikasema sauti nzito, "mbona anamtazama mama mkwe wake machoni? Oneni, anamkumbatia. Mbele za watu."

Wote watatu wakaguna. Nami niliguna kimoyomoyo. Sijawahi kumhurumia mtu nisiyemjua kama nilivyomhurumia yule bwana harusi wa Iringa.

Sasa ndipo tajiri mwenyewe, yule wa nyama na mifupa, akatokea. Aliona wateja watatu wa maana, akaona mwajiriwa wake ameyakodolea macho majani ya ukingoni kama mbuzi. "Kijana, geuka uwasalimu akina mama," akasema. Nikatikisa kichwa. Akanishika bega, akanigeuza. Nikazunguka nikaupitiliza upande wao mpaka nikawapa tena mgongo. Akanigeuza upande wa pili, nikazunguka upande wa pili. Akina mama nao, kwa kuwa hawakutaka kuikosa keki, wakawa wanazunguka na mgongo wangu. Tukaenda hivyo mara tatu au nne, watu wanne wazima na mtu mwenye luninga, pale stesheni, hakuna muziki.

"Muwieni radhi," tajiri akawaambia akihema. "Leo kaamka vibaya."

"Mwache," mama mkwe akasema. "Tunaona vizuri hivi hivi."

Mkanda ukaisha, ukajirudisha, ukaanza upya. Nikasema moyoni sasa wataondoka. Hawakuondoka. Wakamtazama tajiri tena kutoka salamu ya kwanza, wakati tajiri mwenyewe kasimama pale pale kando yao akijisikiliza na kutabasamu. Mabega yalianza kutetemeka. Jasho lilishuka katika baridi ile, na nzi mmoja akakaa juu ya pua yangu akaanza kusafisha miguu. Mikono ilikuwa imeishikilia betri. Nilikuwa karibu kulia, na sioni aibu kulisema.

Picha iliporuka mara ya pili, nikasikia sauti ile nzito ikisema taratibu, si kwa wenzake wala kwa tajiri, "Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Hapo moyo ulikufa ganzi. Yale niliyomwambia tajiri kwa utani yalikuwa yamerudi kwa mdomo wa mtu pekee ambaye maneno yake yalikuwa na uzito kwangu. Nikaiona posa yangu imelala chini pale stesheni, na mimi ndiye niliyeitembeza mpaka hapo.

Keki ilipokatwa mara ya pili, sauti ile ikasema, "Kamwene," salamu ya kwetu. Nikaijibu nikiwa nimeyakazia macho majani, kwa sauti nyembamba ambayo si yangu, nikitumaini hatanijua. Viatu vikaondoka. Tajiri akawafuata mbio, na baadaye nikasikia walinunua mablanketi mawili. Mama mkwe hakununua kitu.

Wiki zilizofuata sikula vizuri. Nilimwandikia binti barua nikaichana. Nilimwomba Mungu ambariki mama yule kwa usahaulifu. Sikukuu ya mavuno ikapita, na Jumatatu baba mdogo akaenda Njombe kuchukua jibu.

Alirudi jioni ya siku ya pili. Akaomba maji. Akaomba chakula. Akasifu viazi vya Njombe, akaeleza jinsi ukungu ulivyowachelewesha njiani, akamtaja na mtu aliyekuwa na kuku ndani ya basi. Nilikuwa namtazama kwa hasira ambayo mtoto hatakiwi kuwa nayo kwa baba yake mdogo.

"Mama anasema alikuona," akasema hatimaye.

Nikasema, "Nilijua."

"Anasema alikujua kabla hajaifikia hiyo luninga. Ati wauza mablanketi wote wa Makambako wakimwona mteja wanakimbilia uso wake. Mmoja tu ndiye aliyeukimbia. Akajua huyo ni wake."

Nikamwongezea maji kikombeni.

"Anasema harusi ile haikuwa nzuri hata kidogo. Aliitazama mara mbili makusudi, akupime utageuka lini. Na ule msemo aliutupa ili kuona kama utageuka kujitetea." Baba mdogo akajipangusa mdomo. "Hukugeuka. Tajiri kakuzungusha na hukugeuka. Amesema mitambo haijui, lakini adabu anaijua akiiona, hata kama iko chini ya kitenge cha mke wa mtu. Amekubali."

Nililia basi, na baba mdogo akajifanya anatafuta kiberiti.

Sharti lake lilikuwa moja. Katika vitu vya posa kulikuwa na blanketi la mama, na kwa kawaida ya ukoo wao blanketi hilo likishapokelewa, mkwe huruhusiwa kuonana naye ana kwa ana. Alitaka lile la chui, alilopapasa yule mtu mdogo na kufumba macho. Tajiri alilitoa mwenyewe, akakataa kabisa nimlipe, na akaomba ruhusa ya kuja na kamera. Nilimkatalia.

Siku ya kulipeleka nilisimama uani kwao Ramadhani, nimewapa mgongo wenye nyumba, nikitazama ukuta wa matofali na mti wa mapeasi, blanketi limekunjwa kichwani. Nyuma yangu wakwe wote wameketi. Shangazi mmoja akalichukua. Nikasikia linakunjuliwa, linapapaswa. Kisha ile sauti nzito.

"Geuka, mwanangu. Leo mgongoni huna harusi."

Ilinichukua muda. Mwili ulikuwa umeshazoea kukataa. Nikageuka polepole nikamwona kwa karibu kwa mara ya kwanza: mama mfupi, mfupi kuliko sauti yake, amejifunika chui mpaka kidevuni, anacheka huku machozi yanamtoka, na mkono mmoja ameushika mlango asije akaanguka.